Imani ya Mwalimu haikuwa sheria ya nchi

Mwaka 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, na Rais Julius Nyerere akaitia saini. Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo katekista yeyote wa parokia angeyakataa mbele ya wanafunzi wake. Sheria hiyo iliruhusu talaka pale mahakama inaporidhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka tena. Ilitambua ndoa ya wake wengi. Iliwafungulia mlango wa kuhesabiwa mume na mke hata watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakijulikana hivyo na majirani, ingawa hawakuwahi kupita kanisani, msikitini wala bomani.

Aliyetia saini alikuwa Mkatoliki aliyehudhuria misa karibu kila siku. Yeye mwenyewe alifunga ndoa ya Kikristo na Maria Gabriel huko Musoma mwaka 1953, akadumu nayo hadi kifo kilipowatenganisha. Kanisa lake lilifundisha, na linafundisha hadi leo, kwamba ndoa halali ya Wakristo haivunjwi na mahakama yoyote ya dunia. Akasaini.

Wapo wanaoona huo ni unafiki, na wapo wanaodhani aliiacha imani mlangoni mwa Ikulu. Wote wanakosea. Nyerere alikuwa ameelewa jambo ambalo wanasiasa wengi wacha Mungu wa Afrika Mashariki bado hawajalielewa: imani inamwongoza kiongozi katika namna ya kuishi na katika kuchagua watu wa kuwatetea, lakini sheria ya nchi inahitaji sababu ambazo hata asiyesali pamoja naye anaweza kuzipima, kuzikubali au kuzipinga.

Itazame sheria ile kwa karibu. Kabla ya kutungwa, serikali ilitoa mapendekezo yake kwa umma katika Waraka wa Serikali Namba 1 wa mwaka 1969, yakajadiliwa nchini. Tanganyika ilikuwa na ndoa za kimila za makabila zaidi ya mia moja, ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za Kihindu na za kiserikali, kila moja na utaratibu wake. Mwanamke aliyefukuzwa na mumewe alipata haki au alikosa kwa kutegemea kabila na dini aliyozaliwa nayo. Sheria mpya iliziweka ndoa zote chini ya paa moja bila kuzifuta. Ndoa iliyofungwa kanisani ilibaki ya mke mmoja maadamu wanandoa wote wawili wanaendelea kuwa Wakristo. Talaka ya Kiislamu ilitambuliwa, lakini shauri lipitie kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Na kwa wanandoa wote, wa dini zote, ilipigwa marufuku mmoja kumchapa mwenzake.

Kwa kuwa ilitungwa kwa hoja za kiraia, sheria hiyo imeweza pia kukosolewa kwa hoja za kiraia. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vinavyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa, akashinda. Serikali ilipokata rufaa ikieleza kwamba vifungu hivyo viliwekwa ili kuzingatia mila na dini, Mahakama ya Rufani iliikatalia mwaka 2019. Majaji hawakuulizana nani anamwelewa Mungu vizuri zaidi. Waliuliza Katiba inasema nini kuhusu usawa wa watoto wa kike na wa kiume. Kama sheria ile ingetungwa kwa mamlaka ya kitabu kitakatifu cha dini moja, Gyumi asingekuwa na pa kuanzia.

Imani ya Nyerere haikuwa ya kuvaa siku za sikukuu. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, katika nyumba iliyofuata dini ya jadi. Hakubatizwa utotoni, aliomba ubatizo mwenyewe akiwa kijana wa miaka 21, Desemba 1943, katika misheni ya Nyegina. Baada ya Makerere alifundisha St. Mary's Tabora, shule ya Mapadri Weupe. Aliporudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, alikwenda kufundisha St. Francis Pugu. Katika uzee wake alitafsiri Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi wa Kiswahili, kazi iliyochapwa Ndanda mwaka 1996. Tangu 2005 Kanisa Katoliki linamwita Mtumishi wa Mungu, na jimbo lake la Musoma ndilo lililoanza kukusanya ushahidi wa maisha yake kwa ajili ya mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Pugu ndipo mstari kati ya dini na siasa ulipochorwa kwa mara ya kwanza. Mapema mwaka 1955 Nyerere, akiwa rais wa chama cha TANU kilichozaliwa Julai 7, 1954, alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, wenye shule walimtaka achague: ualimu au siasa. Alikuwa na mke, watoto wadogo na mshahara mmoja. Akaacha kazi. Tangu siku hiyo siasa yake haikudaiwa na padri wala askofu yeyote, kwa sababu aliilipia kwa mkate wake mwenyewe.

Waliompokea mjini Dar es Salaam wengi wao walikuwa Waislamu. Abdulwahid Sykes alimkaribisha nyumbani kwake. Ally Sykes, Dossa Aziz, Bibi Titi Mohamed, Sheikh Hassan bin Ameir na wazee wa mji walimtembeza, walimtambulisha, walimchangia nauli, wakamwombea dua. Mwalimu wa misheni, mtu wa bara, Mkatoliki, aliaminiwa na mji wa pwani wenye misikiti kila mtaa. Imani ile aliyopewa na watu ilikuwa deni la kisiasa, na alijua hivyo.

Hata hivyo swali lilikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1958 Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza la wazee wa TANU, alihoji hadharani Waislamu watabaki na nini katika nchi itakayoongozwa na wasomi wa shule za misheni. Chama kilimfukuza. Kumfukuza mzee hakukulijibu swali lake. Serikali za kikoloni ziliziachia misheni sehemu kubwa ya elimu, na mtoto wa Kiislamu ambaye mzazi wake hakutaka abatizwe mara nyingi alikosa darasa. Uhuru ulipokuja Desemba 1961, pengo hilo lilikuwa limeshaingia katika orodha ya makarani, mahakimu na maafisa wa serikali mpya.

Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa bahari, Mkatoliki mwingine alikuwa akijibu swali la namna hiyo. John F. Kennedy aligombea urais wa Marekani mwaka 1960 mbele ya wapiga kura wengi Waprotestanti waliohofia kwamba amri zitatoka Roma. Mwaka 1928 Al Smith, Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea nafasi hiyo, alishindwa vibaya, na dini yake ilichangia. Septemba 12, 1960 Kennedy alikwenda Houston, akasimama mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti na kuwaambia kwamba yeye si mgombea wa Wakatoliki, na kwamba ikitokea dhamiri yake ikagongana na maslahi ya taifa kiasi cha kutopatanishwa, atajiuzulu. Nyerere alimtembelea Washington mwaka 1961, na tena mwaka 1963.

Tofauti yao ni kwamba Kennedy alijibu kwa hotuba, naye hakuishi muda mrefu wa kutosha kupimwa. Nyerere alipimwa kwa miaka zaidi ya ishirini madarakani, na jibu lake kubwa lilikuwa elimu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali. Shule ambazo Wakatoliki walizijenga kwa sadaka, kwa matofali yaliyobebwa na waumini na kwa jasho la watawa, zilichukuliwa na rais Mkatoliki. St. Mary's Tabora ikawa Milambo. St. Francis ikawa Sekondari ya Pugu. Marian College ya Morogoro ikawa Kilakala. Zote mbili alizowahi kufundisha Nyerere zilipoteza majina ya watakatifu, na mtoto wa Kiislamu wa Lindi akawa na haki ya kiti pale sawa na mtoto wa Kikatoliki wa Bukoba.

Uamuzi huo uliliumiza Kanisa, na hapana haja ya kuuficha uchungu huo. Lakini ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa kiongozi aliyekataa kuitumia dola kulinda mali na ushawishi wa dini yake. Hoja yake ilikuwa ya kiraia kuanzia mwanzo hadi mwisho: fedha za umma, watoto wa umma, nafasi sawa.

Je, imani ilikuwa wapi, basi? Ilikuwa mahali palipostahili. Oktoba 1970 Nyerere alialikwa na masista wa Maryknoll, jimboni New York, akazungumza kama Mkristo mbele ya Wakristo. Hakuwabembeleza. Aliwaambia kwamba umaskini si matokeo ya bahati mbaya bali ya mipangilio ya jamii na uchumi inayotengenezwa na watu, na kwamba Kanisa lisiposimama na wanyonge kuipinga mipangilio hiyo litakuwa halina maana kwa binadamu. Azimio la Arusha la Februari 1967 halikumtaja Kristo, ingawa miiko yake ya uongozi, kama vile kiongozi kutokuwa na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha, ingemfurahisha mtu yeyote aliyewahi kuisoma Hotuba ya Mlimani. Baadhi ya wakubwa wa Kanisa waliogopa ukomunisti. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa. Kila mmoja alikuwa huru kukubali au kukataa, kwa kuwa siasa ile haikutolewa kama neno la Mungu.

Mwenye kumsifu Nyerere kwa hayo anawajibika kusema na upande wa pili.

Kutenganisha dini na dola kuna pande mbili. Upande mmoja, dini isiiamrishe dola. Upande wa pili, dola isiiamrishe dini. Nyerere aliulinda upande wa kwanza kwa nguvu. Wa pili aliuvunja. Desemba 1968 serikali yake iliipiga marufuku Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, chombo kilichokuwa na shule na mipango ya chuo kikuu. Sheikh Hassan bin Ameir, aliyekuwa miongoni mwa waliompokea Mwalimu mjini, alirudishwa Zanzibar. Mahali pa jumuiya ile likazaliwa Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, BAKWATA, kwa baraka za TANU. Hakuna chombo cha Wakatoliki wala cha Walutheri kilichofanyiwa hivyo. Kuzitaifisha shule za Kikristo kulikuwa kuondoa upendeleo. Kuvunja jumuiya ya Waislamu na kuwapa nyingine kulikuwa kuingia msikitini kwa mkono wa serikali. Kidonda hicho hakijapona, na kila mjadala wa dini nchini unakigusa.

Kiliguswa pia mwaka 1993. Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, na Nyerere, akiwa mstaafu, alipinga vikali. Hoja yake ya Katiba ilikuwa nzito: mambo ya nje ni ya Muungano, na Muungano hauna dini. Zanzibar ilijitoa Agosti mwaka huo. Lakini Waislamu waliouliza mbona Vatikani ina ubalozi Dar es Salaam hawakuwa wakitafuta ugomvi. Na walipouliza kuhusu makubaliano ambayo serikali ilitia saini na makanisa Februari 1992, kuhusu hospitali na shule za makanisa, walikuwa wakidai haki ya mwananchi yeyote: kujua serikali yake imeahidi nini, kwa nani, kwa fedha za nani. Hospitali ya Bugando inahudumia wagonjwa wa dini zote wa Kanda ya Ziwa, na makubaliano ya kuzisaidia hospitali za namna hiyo yana utetezi mzuri. Utetezi huo ulipaswa kutolewa mapema na mbele ya wote.

Miaka ishirini baada ya kifo cha Mwalimu, nchi ileile ilimwona rais Mkatoliki akienda njia nyingine. Machi 2020, virusi vya korona vilipoingia Tanzania, Rais John Magufuli alisimama kanisani Dodoma na kusema virusi hivyo ni shetani, haviwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Aprili alitangaza siku tatu za maombi ya kitaifa. Takwimu za wagonjwa ziliacha kutolewa muda mfupi baadaye, zikiwa zimefika 509. Juni alitangaza kwamba Mungu ameuondoa ugonjwa.

Magufuli alikuwa na haki ya kusali, na ya kuwaalika wananchi wasali. Hakuna anayemnyima rais hilo. Tatizo ni pale sala ilipochukua nafasi ya takwimu. Mwananchi anaweza kuipinga takwimu ya wizara kwa takwimu nyingine. Ataupingaje ushuhuda wa rais kuhusu alichotenda Mungu bila kuonekana anampinga Mungu mwenyewe? Daktari aliyekuwa na wasiwasi wodini, mwandishi aliyetaka kuuliza idadi ya waliozikwa, mbunge aliyetaka maelezo, wote walinyamazishwa mara mbili, kwa mamlaka ya dola na kwa mamlaka ya madhabahu.

Waliokuja kulisema jambo hilo walikuwa watu wa Kanisa lake. Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alisitisha misa za hadhara jimboni mwake Aprili 2020. Januari 2021 Baraza la Maaskofu, TEC, liliwaonya waumini kuhusu wimbi jipya, na Machi Padri Charles Kitima, katibu mkuu wa baraza hilo, alisema mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili. Kanisa lilihesabu wafu wake wakati serikali haihesabu. Hapo ndipo inapoonekana kwamba kutenganisha mambo haya kunailinda dini pia: askofu asiye idara ya serikali anaweza kusema ukweli ambao waziri hawezi.

Kwa hiyo si haki kuwaambia maaskofu na masheikh wakae kimya. Waraka wa Kwaresima wa TEC wa mwaka 2018 ulisema wazi kuhusu kubanwa kwa siasa na vyombo vya habari. Agosti 2023 tamko la maaskofu lilipinga mkataba wa bandari na kampuni ya DP World ya Dubai. Wapo walioharakisha kulipiga muhuri wa udini, lakini tamko lilizungumzia masharti ya mkataba na sauti ya wananchi, mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyajibu kwa kifungu na kwa hesabu. Mwaka 2015 ilikuwa tofauti. Jukwaa la Wakristo liliwataka waumini waipigie Katiba Inayopendekezwa kura ya hapana, suala la Mahakama ya Kadhi likiwa katikati. Viongozi wa dini wana haki ya kutoa maoni, hata makali. Mbunge Mkatoliki aliyeyapokea maoni hayo kama agizo alikuwa ameusahau mfano wa Mwalimu.

Kenya nayo imeonyesha kwamba mstari unaweza kuchorwa kutoka upande wa kanisa. Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa fedha na kuahidi nyingine katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Askofu Mkuu Philip Anyolo alizikataa, zikiwemo shilingi milioni 2 za nyumba ya padri na laki 6 za kwaya, akasema zirudishwe. Kwaya ilihitaji fedha, na nyumba ya padri haikuwa imekwisha. Uamuzi ulikuwa mgumu kwa sababu hiyo, na ulikuwa sahihi.

Tanzania ina maandishi ya kutosha. Katiba inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inaacha imani kuwa hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini kuwa nje ya mamlaka ya nchi. Vyama vya siasa vya kidini haviandikishwi. Tangu sensa ya 1967 wananchi hawaulizwi dini yao. Urais umepita kwa Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli na Samia, Mwislamu na Mkristo wakipokezana, bila sheria yoyote kuamuru hivyo. Wimbo wa taifa wenyewe ni sala, na hakuna aliyedhurika nao. Kinachopungua ni utekelezaji ulio sawa kwa wote.

Mchakato wa Katiba mpya utakaporudi mezani, na utarudi, mambo matatu yanapaswa kudaiwa kwa sauti. Kila makubaliano kati ya serikali na taasisi ya dini, ya Kikristo au ya Kiislamu, yawekwe mezani bungeni kabla ya kusainiwa, pamoja na gharama zake. Waislamu waunde na kuongoza vyombo vyao kama Wakristo wanavyounda vyao, bila chama tawala kuchagua nani awasemee. Na mgombea wa urais anayetaja sala zake jukwaani aulizwe palepale, kwa heshima, ni sheria gani ataisaini ingawa dini yake inaikataa, na kwa sababu gani.